Ua la manjano msituni Korogwe: usiliite kwa rangi yake

Anayepanda kutoka Korogwe mjini kwenda Bungu, au anayevuka bonde la Luengera kuelekea Lutindi, huliacha joto la mashamba ya mkonge na kuingia kwenye baridi na ukungu wa Usambara. Kando ya kijito, chini ya miti mikubwa, anaweza kukuta ua dogo la manjano limejibana kwenye ufa wa jiwe. Kwa kuwa amewahi kusikia sifa za ua la zambarau la Usambara, lile linalopamba madirisha ya Ulaya na Marekani, atajiambia kwamba kumbe na la manjano lipo. Kabla ya kutangaza habari hiyo, ana kazi ya kufanya.

Ua la zambarau la Usambara liliingia kwenye vitabu vya sayansi kupitia Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwaka 1892 aliukuta mmea huo kwenye nyufa za mawe ya chokaa karibu na Tanga, na pia juu milimani Usambara. Kupitia kwa baba yake ukafika kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliupa jina la Saintpaulia ionantha. Mwaka 2015 wataalamu, wakitegemea ushahidi wa vinasaba, waliuhamishia kwenye jenasi ya Streptocarpus.

Wazungu waliufananisha na violeti za kwao na jina hilo likaganda, ingawa ukoo ni mwingine kabisa. Violeti za kweli ni za jenasi ya Viola. Ulaya na Marekani Kaskazini kweli zina violeti za manjano. Viola biflora ya milima ya Alps ni mojawapo. Kwenye milima ya Afrika Mashariki tunayo Viola abyssinica, ambayo maua yake ni ya buluu iliyopauka au meupe.

Tazama nyuma ya ua

Atakaye kulitambua ua aanze kwa kuligeuza. Violeti ya kweli ina kifuko chembamba kilichochomoza nyuma kama mkia, na humo ndimo hukaa asali yake. Petali zake tano zimeachana, na ina stameni tano. Ua la Usambara halina mkia huo wala asali. Petali zake zimeungana chini, mbili za juu ni ndogo na tatu za chini ni kubwa, na katikati zimetokeza stameni mbili tu.

Stameni hizo mbili ndizo za manjano, tena manjano ya kung'aa. Kwenye maua ya porini, manjano ya Saintpaulia huishia hapo. Petali ni za zambarau, za buluu iliyopauka au huelekea weupe. Nyuki huvutwa na chavua iliyomo ndani ya stameni hizo za manjano, naye huitikisa itoke kwa mtetemo wa mwili wake. Huko Marekani, wakuzaji maua walihangaika kwa miongo kadhaa kutafuta petali za manjano, na mimea ya kwanza yenye rangi hiyo ilionekana mwishoni mwa miaka ya 1980.

Baada ya ua, kagua majani. Ya Saintpaulia ni manene, yana vinyweleo, na kwa aina nyingi yamejipanga kwa duara karibu na ardhi. Kisha tafuta tunda. Jamaa zake wa Streptocarpus waliozoeleka wana tunda lililosokotwa, ilhali la Saintpaulia halijasokotwa.

Ua la manjano lenye petali tano na majani yaliyogawanyika vipande vitatu vyenye umbo la moyo huenda likawa Oxalis, gugu lililoenea hata mashambani. Kwenye nyasi za wazi upande wa Handeni, ua la manjano lenye ncha sita na majani membamba huenda likawa Hypoxis. Na anayetaka ndugu halisi wa violeti ndani ya misitu yetu ainue macho kutoka ardhini: Rinorea, vichaka na miti midogo ya Usambara, ni wa ukoo uleule wa Viola, na maua yake madogo huwa meupe au ya manjano iliyopauka.

Kwa nini jina sahihi lina uzito

Saintpaulia za porini zinapatikana Tanzania na Kenya pekee, na nyingi zimo kwenye Milima ya Tao la Mashariki. Aina nyingine zimefungwa kwenye kilima kimoja au bonde moja. Ile iliyoitwa Saintpaulia orbicularis, kwa mfano, inatoka Ambangulu, wilayani Korogwe. Mizizi ya Saintpaulia ni mifupi, na mmea huhitaji kivuli na unyevu. Miti ya juu ikikatwa kwa ajili ya mbao, au msitu ukipunguzwa kivuli ili kupanda iliki, jua hulipiga jiwe na mmea hukauka hata kama hakuna aliyeugusa. Aliyeutaja mmea kwa jina la mwingine anaweza kuruhusu upotee akidhani bado upo tele kwingine.

Basi ukiliona ua la manjano huko juu, usiling'oe. Lipige picha kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma. Piga na jani pande zote mbili, tunda, na jiwe lilipoota. Andika tarehe, jina la kitongoji na mwinuko kama simu yako inauonyesha. Picha hizo zipeleke kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania au kwa wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huenda jibu likawa Oxalis, na hapo umejifunza. Huenda likawa kitu ambacho hakijawahi kuandikwa popote. Saint Paul-Illaire aliukuta mmea wake akiwa mgeni Tanga; mwenyeji aliyezaliwa Bungu au Lutindi anaijua njia ya kila kijito, na ana nafasi kubwa kuliko mgeni yeyote ya kuona lililo jipya, mradi ajue pa kutazama.