Ndugu watatu, shule ngapi? Mtihani wa wazazi wa Migori na Homa Bay

Januari inapokaribia, kila mzazi anawaza sare na vitabu. Lakini mzazi wa Rongo, Migori, ambaye kifungua mimba wake ni kiziwi, wa pili hukunja uso akijaribu kusoma ubaoni, na kitinda mimba hana tatizo lolote, ana swali zito zaidi: wasome pamoja au watawanywe?

Wapo wanaofikiria kuhamia kaunti jirani kwa sababu wamesikia huko mambo ni afadhali. Nawasihi wasifunge mizigo bado. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi ziko chini ya serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Ukitoka Migori ukaingia Homa Bay, utakuta mtaala uleule na kiwango kilekile cha mgao wa serikali: shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na nyongeza ya 2,300 kwa mwenye mahitaji maalum. Tofauti ipo kati ya shule na shule. Je, kuna mwalimu aliyesomea elimu maalum, labda pale KISE, taasisi ya kitaifa ya elimu maalum? Je, kiti cha magurudumu kinaingia chooni?

Homa Bay ina ushahidi wake kwamba shule ya kawaida ya kijijini inaweza kubadilika. Kule Oriang, tangu 2001, shirika la Leonard Cheshire lilisaidia shule tano za msingi kupokea watoto wenye ulemavu pamoja na wenzao. Wengi wao walikuwa na uoni hafifu. Wengine walikuwa na matatizo ya kusikia, ya viungo au kifafa. Madarasa yaliongezewa mwanga, njia za mteremko zikajengwa na vyoo vikarekebishwa. Si mambo ya ajabu. Dirisha pana humsaidia mtoto asiyeona vizuri, na ndugu yake aliye dawati la nyuma naye husoma bila kujikaza. Baadaye, kuanzia 2013, shirika hilo lilipeleka mpango kama huo kwa wasichana wenye ulemavu katika shule 50 za eneo la Ziwa Viktoria, zikiwemo za Migori, Mbita na Kuria Mashariki.

Kwa hiyo mtoto wa pili wa mzazi wetu hana haja ya kutenganishwa na kitinda mimba. Anahitaji dawati la mbele, miwani, maandishi makubwa na mwalimu anayesoma kwa sauti anachoandika ubaoni.

Kwa kifungua mimba, jibu langu ni tofauti, na najua linauma. Mtoto kiziwi aliyewekwa katika darasa ambalo hakuna anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya hajajumuishwa, amekalishwa tu. Anahitaji wenzake wa kuzungumza nao tangu angali mdogo. Shule za viziwi kama Lambwe, Homa Bay, na Kuja, Migori, zina jamii hiyo. Bweni linatenga ndugu, ndiyo, lakini nyumba isiyojua ishara inawatenga zaidi, hata wakilala chumba kimoja. Anayempeleka mtoto bwenini ajifunze ishara yeye na watoto waliobaki, ili likizo isiwe miezi ya kimya.

Kabla ya uamuzi wowote, watoto wote wapelekwe kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC. Vituo hivi vilianzishwa 1984 kwa msaada wa Denmark, na kazi yake ni kupima usikivu, uoni na namna mtoto anavyojifunza, kisha kushauri shule inayomfaa. Nasema wote kwa makusudi. Mara nyingi mtoto anayeitwa mvivu hasikii vizuri.

Kitinda mimba naye asisahaulike. Katika nyumba nyingi, mtoto asiye na ulemavu ndiye anayembeba mwenzake begi, anayemnakilia kazi ya ubaoni, anayeitwa kutoka darasani akatafsiri. Upendo huo ni mzuri, ila vipindi vyake vinapotea. Mzazi anapozungumza na mwalimu mkuu, aulize waziwazi ni mtu mzima gani shuleni atakayeifanya kazi hiyo. Kama jibu ni "dadake yupo," shule hiyo bado haijawa tayari kuwapokea.