Mgonjwa wa Akili si Mhalifu: Funzo Kutoka Uganda

Mara nyingi mtu mwenye ugonjwa mkali wa akili anapozidiwa, anayeitwa kwanza si daktari bali ni askari. Matendo ya askari huyo katika dakika chache za mwanzo huweza kuamua kama mgonjwa atafika hospitali salama, au ataishia mahabusu akiwa na majeraha. Kwa sababu hiyo, leo tunawatazama jirani zetu wa Uganda.

Jijini Kampala iko Hospitali ya Butabika, iliyofunguliwa mwaka 1955, enzi za ukoloni. Hospitali za namna hiyo zilijengwa kwa fikra ya kuwatenga wagonjwa na jamii. Mwaka 2018 Uganda ilitunga Sheria mpya ya Afya ya Akili badala ya ile ya mwaka 1964. Lakini sheria peke yake haimponyi mtu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Butabika imewafunza watu waliokwisha kuugua maradhi hayo, wakapata nafuu, ili wawasaidie wenzao wanaorudi majumbani. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mradi wa kimataifa wa UPSIDES, ulioanza mwaka 2018, uliichunguza njia hiyo katika miji kadhaa, ikiwamo Kampala na Dar es Salaam yetu.

Msingi wa huduma hii ni kumtambua mgonjwa kuwa mtu kamili. Huulizwa anataka maisha gani: kulima, kurudi kazini, au kuishi tena na wanawe. Ndipo yeye, mganga na jamaa zake hupanga hatua ndogo ndogo za kulifikia lengo hilo. Dawa hazipuuzwi, ila huwa sehemu ya mpango. Aidha, dalili za hatari, kama vile kukosa usingizi au kujitenga, huandikwa mapema, ili ajulikane nani wa kuitwa kabla mambo hayajaharibika.

Askari anaweza kuufuata msingi huo huo. Watu waliokusanyika na waondolewe. Azungumze askari mmoja tu, kwa sauti ya upole, akijitambulisha na kumwita mgonjwa kwa jina lake. Asibishane naye juu ya sauti anazozisikia, wala asimdhihaki. Ampe nafasi na muda, awaulize jamaa zake anakotibiwa, kisha ampeleke huko. Nguvu iwe ya mwisho, nayo iwe ya kiasi tu.

Tena tusisahau kuwa maradhi haya hayachagui vazi. Huweza kumpata raia, na huweza kumpata mwenye sare. Askari anayemstahi mgonjwa leo anajenga desturi ambayo kesho huenda ikamhifadhi yeye mwenyewe au mwenzake wa kikosini.