Mwanga Jukwaani ni Lugha, Wanafunzi Wafundishwe Kuisoma

Kila mwaka unapoanza, shule nyingi za Migori na Homa Bay huingia katika pilkapilka za kujiandaa kwa Tamasha la Kitaifa la Drama, mashindano ambayo yamekuwapo nchini tangu mwaka 1959. Walimu huandika michezo, wanafunzi hukariri maneno, mafundi cherehani hushona maleba. Ukiuliza ni nani anayesimamia nyimbo, utaonyeshwa mtu. Ukiuliza ni nani anayesimamia ngoma, utaonyeshwa kikundi kizima. Lakini uliza ni nani anayesimamia mwanga, nawe aghalabu utaelekezwa kwenye swichi iliyo ukutani karibu na mlango.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa umeme, na msomaji ana haki ya kuniuliza nimefikaje katika uwanja huu. Nimefika kwa njia ya tamthilia. Takriban kila tamthilia ya Kiswahili inayosomwa katika shule zetu ina maelekezo ya jukwaani: taa zinafifia, giza linatanda, mwanga unamwangukia mhusika fulani. Mwanafunzi huulizwa katika mtihani umuhimu wa maelekezo hayo, naye hujibu kwa ufasaha. Hata hivyo, wengi wa wanaojibu hawajapata kuona taa ikififia jukwaani hata mara moja. Wanayakariri maelekezo hayo kama wanavyokariri majina ya sayari.

Huo ni upungufu mkubwa, kwa maana mwanga ni lugha. Katika Kiswahili, sauti moja tu ndiyo inayotenga neno "pata" na neno "bata". Sauti hiyo haina maana yoyote ikiwa peke yake. Maana huzaliwa inapotofautiana na nyingine. Mwanga wa jukwaani hufanya kazi kwa kanuni iyo hiyo. Uso ule ule wa mwigizaji yule yule, ukimulikwa kutoka juu, kutoka chini au kutoka ubavuni, humwambia mtazamaji mambo matatu mbalimbali. Lugha hii ina sarufi, na sarufi hufundishika.

Wataalamu huigawa sarufi hiyo katika sifa nne: mwelekeo wa mwanga, ukali wake, rangi yake na mwendo wake. La kufurahisha ni kwamba sifa hizo hazihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Wakazi wa kaunti hizi mbili wamekuwa wakizitumia tangu zamani.

Tuanze na mwelekeo. Wajaluo walikuwa na siwindhe, yaani nyumba ya bibi, ambamo watoto walikusanyika usiku kusikiliza hadithi. Moto ulikuwa chini sakafuni. Uso wa bibi ulimulikwa kutoka kidevuni kwenda juu, na kivuli chake kikapanda ukutani kikawa kikubwa kuliko mwenyewe. Zimwi lilipotajwa, tayari lilikuwa ndani ya nyumba. Vivyo hivyo, mwalimu anayewapeleka wanafunzi Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, anaweza kuwaonyesha jambo ambalo halimo katika vitabu vya historia. Kuta zile za mawe yaliyopangwa bila saruji, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2018, zina sehemu zinazofikia kimo cha mita 4.5. Zitazame jua likiwa mgongoni mwako, nawe utaona ukuta bapa. Zitazame jua likija kwa ubavu, nawe utaona kila jiwe likijitenga na mwenzake. Uso wa mwigizaji hauna tofauti na ukuta huo.

Kuhusu ukali, walimu wetu wakuu ni wavuvi wa omena wa Mbita, Sindo, Sori na Muhuru. Wavuvi hao huingia ziwani usiku na taa zinazoelea, ambazo zamani zilikuwa karabai za mafuta taa, na sasa nyingi ni taa za betri. Huzitandaza juu ya maji, wakasubiri omena wakusanyike, kisha wakazungushia wavu. Mwezi mpevu ukiangaza, wengi wao hupumzika, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mbalamwezi. Mvuvi anajua kwamba taa haina nguvu ila penye giza. Ni shule ngapi zimekodi taa za bei, zikaziwasha saa saba mchana katika ukumbi wenye madirisha wazi, kisha zikashangaa kwamba hakuna kilichobadilika? Kazi ya kwanza ya mwangazaji ni kuziba madirisha.

Hapa fizikia nayo inaingia. Taa tupu ikisogezwa mbali hadi umbali uongezeke mara mbili, mwanga unaomfikia mwigizaji haupungui kwa nusu, bali hubaki robo tu. Mwanafunzi aliyeikokotoa kanuni hiyo ubaoni ataikumbuka daima akishaiona ikitendeka usoni mwa rafiki yake.

Rangi nayo ina mitego yake. Mwalimu wa sanaa akichanganya rangi nyekundu na ya kijani kwenye karatasi, hupata rangi ya matope. Taa nyekundu na taa ya kijani zikikutana mahali pamoja, hutoa manjano. Zikiongezwa ya buluu, hutoa mwanga mweupe. Tena, vazi la kijani kibichi chini ya taa nyekundu tupu huonekana karibu jeusi. Asiyejua hayo anaweza kushona maleba kwa mwezi mzima na kuyapoteza kwa dakika moja.

Ama mwendo, huo ni namna mwanga unavyobadilika kwa wakati. Taa ikizimwa ghafla, hadhira hujua kuwa jambo limekatizwa. Ikififia polepole kwa sekunde 10, hadhira hupewa nafasi ya kuomboleza au kutafakari. Yeyote aliyesimama ufuoni Homa Bay jua likitua hahitaji kuelezwa zaidi.

Taaluma hii imeandikiwa vitabu. Mmarekani Stanley McCandless, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha mwaka 1932 mwongozo ambao bado unafuatwa. Alipendekeza kila sehemu ya jukwaa imulikwe na taa mbili kutoka mbele, moja kila upande, kwa pembe ya nyuzi 45, moja ikiwa na rangi ya joto na nyingine ya ubaridi. Ni ushauri mzuri, lakini tusiuchukue bila kuupima. Vitabu vingi vya aina hiyo viliandikwa na watu waliozoea kumulika ngozi nyeupe. Mwigizaji wetu akisimama mbele ya pazia jeusi na kumulikwa kutoka mbele peke yake, uso wake hupoteza maumbo yake. Anahitaji taa ya ubavuni na ya nyuma ili atengwe na giza lililomzunguka. Hilo ni somo ambalo wanafunzi wa Migori na Homa Bay wanaweza kulifanyia utafiti wao wenyewe na kuliandika kwa Kiswahili.

Niruhusu sasa, mwalimu mwenzangu, nikiri kosa langu. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya bweni isiyo mbali na ziwa. Tuliandaa mchezo wa usiku uliokuwa na onyesho ndani ya nyumba ya nyanya. Nilitaka uhalisi, nikaamuru koroboi tatu ziwekwe jukwaani karibu na pazia la leso. Mvulana mmoja wa Kidato cha Pili, mtoto wa mvuvi, aliniambia, "Mwalimu, taa hiyo haifai kukaa hapo. Tutumie tochi, tuifiche nyuma ya ungo. Watu wataona mwanga, hawataiona taa." Nilimwambia ashughulike na kazi yake ya kubeba viti.

Katikati ya ugomvi wa wahusika, mkono wa mwigizaji uliigonga koroboi moja na pazia likashika moto. Ni mvulana yule yule aliyeuzima kwa blanketi, na kiganja chake kikaungua. Shule ikapiga marufuku michezo ya usiku, nami sikuwa na ujasiri wa kupinga. Kiganja kilipona. Lakini sikumwambia kijana yule kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki, wala hapakuwa na somo lolote katika ratiba yetu ambalo lingempa alama kwa ujuzi aliokuwa nao.

Leo nafasi hiyo imeanza kupatikana. Mwaka 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia sekondari ya juu, na mmojawapo wa mikondo mitatu wanayochagua ni Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambao una somo la Uigizaji na Filamu. Hofu yangu ni kwamba tutalifundisha somo hilo kama tulivyofundisha tamthilia: ubaoni, mchana, kwa fasili za kukariri. Hofu yangu nyingine ni kwamba shule nyingi za vijijini zitaambiwa kuwa haziwezi kulifundisha kwa kukosa vifaa.

Vifaa vya kuanzia ni vichache. Funika madirisha ya darasa moja kwa mablanketi. Chukua tochi mbili, ungo mmoja na shuka jeupe. Mpe mwanafunzi usemi wa mhusika mmoja kutoka katika tamthilia wanayoisoma, autamke mara nne huku wenzake wakibadilisha mahali pa tochi. Kisha darasa lijadili ni wapi maana ilibadilika, ijapokuwa maneno hayakubadilika. Kipindi kimoja kinatosha.

Wakishaelewa, waingie kwenye umeme kwa uangalifu na chini ya usimamizi wa fundi aliyehitimu. Soketi ya kawaida ya ukutani hubeba ampea 13. Kwa volti 240, hiyo ni takriban wati 3,000. Taa tatu za zamani za wati 1,000 huijaza soketi hiyo, na joto lake laweza kuunguza pazia lililo karibu. Taa za kisasa za LED hutumia umeme mdogo zaidi na hazina joto kali kiasi hicho. Hesabu hii na ifanywe daftarini kabla ya waya wowote kuchomekwa. Koroboi zibaki nje ya jukwaa.

Vyuo vikuu vilivyo jirani navyo visikae kando. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Wahadhiri wa fasihi, fizikia na elimu wanaweza kukutana na walimu wakati wa likizo kwa siku mbili au tatu, wakashiriki taa, istilahi na uzoefu. Sisi wanaisimu tuwajibike kuweka maneno: uangazaji, mwangazaji, taa ya ubavuni, taa ya nyuma, ufifishaji. Mtoto hawezi kuomba kitu asichokuwa na jina lake.

Na katika mazoezi ya mwaka huu, kabla ya kumtuma mwanafunzi abebe viti, mwalimu na amuulize kwanza anajua nini kuhusu taa. Huenda usiku wa kuamkia jana alikuwa ziwani na baba yake.