Shampeni ya bahati: Chupa moja, glasi nane

Msimu wa harusi na mkesha wa mwaka mpya ukikaribia, wapo wafanyabiashara wanaovuka Rusumo, Kobero, Malaba au Mutukula wakirudi nyumbani na chupa ya mvinyo wa mapovu kwenye begi. Wengi huiita shampeni, iwe imetoka Ufaransa au kwingineko. Kwa mtu anayeishi kwa faida ndogo ya mpakani, tofauti hiyo ni fedha.

Shampeni halisi hutoka eneo moja tu: Champagne, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, karibu na miji ya Reims na Épernay. Mvinyo wake huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, na hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kutimiza angalau miezi 15 humo. Wafalme wa Ufaransa walitawazwa Reims kwa karne nyingi, na mvinyo wa eneo hilo ukapata sifa ya kinywaji cha heri na sherehe.

Mvinyo wa mapovu wa nchi nyingine una majina yake. Hispania wana Cava, Italia wana Prosecco na Afrika Kusini wana Cap Classique. Afrika Kusini ilikubaliana na Ufaransa mwaka 1935 kutotumia majina ya mvinyo wa Kifaransa, nayo Ufaransa ikafungua soko kwa kamba wake wa baharini. Mvinyo huo si mbaya, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Kosa ni kuulipia bei ya shampeni. Kabla ya kutoa fedha, soma lebo: kama haina neno Champagne na jina la Ufaransa, punguza bei.

Namna ya kuchanganya

Chupa ya mililita 750 ikimiminwa yenyewe hutosha glasi sita hivi. Ikitengenezwa kokteli, hufika nane. Mchanganyiko huu ni wa zamani. Umo katika kitabu cha Mmarekani Jerry Thomas cha mwaka 1862. Brandi iliongezwa baadaye.

Kwa kila glasi ndefu nyembamba, andaa:

- Donge 1 la sukari
- Matone machache ya Angostura
- Brandi mililita 15, ukipenda
- Shampeni baridi mililita 90
- Kipande cha ganda la limau au chungwa

Angostura ni kiungo kichungu kilichobuniwa mwaka 1824 na daktari Johann Siegert huko Venezuela. Leo hutengenezwa Trinidad. Lowesha donge la sukari kwa matone hayo, litumbukize kwenye glasi, mimina brandi, kisha ongeza shampeni polepole ukiwa umeinamisha glasi. Usikoroge. Mapovu yatapanda yenyewe kutoka kwenye sukari, na huo ndio uzuri wake. Sukari ya unga au ya chembechembe haifai, kwani hufanya povu lifurike mezani. Malizia kwa kukamulia ganda la limau juu ya glasi.

Wanaotaka bahati ya mwaka mpya wanaweza kuazima desturi ya Hispania, ambako watu hula zabibu 12 saa sita usiku, moja kwa kila mlio wa saa. Zabibu za Dodoma zinafaa kabisa.

Kwa wasiotumia kileo, na kwa dereva atakayeshika usukani, tumia glasi ileile: juisi baridi ya rozela, soda ya tangawizi na ganda la limau. Rangi inapendeza, na hakuna atakayebaki mikono mitupu wakati wa kugonganisha glasi.

Tahadhari ya kizibo

Chupa ya shampeni ina mgandamizo wa zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Iliyotikiswa kwenye basi siku nzima isifunguliwe ikishushwa tu. Ilaze kwenye friji saa kadhaa. Ukifungua, funika kizibo kwa taulo, kielekeze mbali na watu, kisha zungusha chupa, si kizibo.

Mpakani

Wafanyabiashara wadogo wamezoea Cheti Rahisi cha Uasili kwa mizigo isiyozidi Dola 2,000 za Marekani. Cheti hicho ni kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shampeni ni ya Ufaransa hata kama imenunuliwa Kampala au Nairobi, hivyo haiwezi kupita kwa cheti hicho.

Njia iliyopo kwa sherehe ya nyumbani ni msamaha wa abiria. Sheria ya forodha ya jumuiya humruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kuingia na mvinyo usiozidi lita 2 kwa matumizi yake mwenyewe. Atakayechagua pombe kali, kiwango chake ni lita 1. Chupa mbili za mililita 750 ni lita 1.5, zinapita. Ya tatu inafikisha lita 2.25, na tayari umevuka kiwango.

Anayebeba kwa ajili ya kuuza hana msamaha huo. Atangaze mzigo kwa ofisa wa forodha, alipe ushuru na kutunza risiti. Bila hivyo, sherehe yake inaweza kuishia kwenye ghala la forodha.