Madoa sugu kwenye rangi ya gari: lijue doa kabla ya kusugua

Gari lililotumika linaloshushwa bandari ya Dar es Salaam au Mombasa huwa limeshakaa wiki kadhaa baharini. Kabla ya kumfikia mnunuzi wa Lusaka, Lubumbashi, Kigali au Kampala, husubiri bandarini, kisha husafiri tena kwa barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma peke yake ni zaidi ya kilometa 900. Katika safari hiyo yote gari hukusanya madoa: kinyesi cha kunguru, lami, saruji, utomvu wa miti na chembe za kutu.

Mnunuzi huona rangi kabla hajafungua boneti, na doa humpa sababu ya kuomba apunguziwe bei. Hata hivyo, hasara kubwa zaidi husababishwa na haraka ya kuliondoa doa hilo. Likisuguliwa vibaya, mlango au boneti nzima hulazimika kupakwa rangi upya. Mnunuzi mzoefu akiona sehemu moja imepakwa upya huanza kushuku kuwa gari liligongwa, na hapo mazungumzo ya bei hubadilika kabisa.

Kinachoharibika ni nini?

Magari mengi ya miaka ya karibuni yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Ndilo linalong'aa na kuikinga rangi iliyo chini yake. Unene wake kwa kawaida ni takriban mikroni 40 hadi 50, yaani pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Kila unapolisugua kwa kitu kinachokwaruza unalipunguza, na likishaisha halirudi.

Ndiyo maana sabuni ya unga ya kusafishia sufuria, stilwaya na mchanga havifai kabisa. Sabuni ya unga ya kufulia nayo huondoa nta inayokinga rangi. Tumia shampuu ya magari, maji mengi na kitambaa laini. Fanya kazi kivulini bati likiwa limepoa, kwa sababu kwenye bati la moto dawa hukauka na kuacha alama mpya.

Kila doa na dawa yake

Kinyesi cha ndege kina asidi ambayo hula klia, na jua kali huharakisha kazi hiyo. Usikikwangue kikiwa kikavu, kwani chembe zake hukwaruza. Funika sehemu hiyo kwa kitambaa kilicholowa maji kwa dakika 10 hivi, kisha kiinue taratibu bila kusugua.

Lami hurukia gari linapopita kwenye barabara inayotengenezwa. Maji na sabuni haviitoi, kwa kuwa asili yake ni mafuta. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, iguse lami mpaka ilainike, ifute, kisha osha mara moja kwa sabuni. Petroli ni ya hatari kwa moto. Thina nayo inaweza kuyeyusha rangi iliyopakwa gereji, kwa hiyo usiikaribishe. Hata mafuta ya taa yajaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Vumbi la saruji huhitaji tahadhari zaidi. Umande kidogo tu unatosha kuligeuza kuwa zege jembamba juu ya bati. Likiwa bado vumbi, limwagie maji mengi yanayotiririka, usilipanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Likishaganda, tumia siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa. Saruji ni ya aina ya alikali, na asidi ya siki huilainisha. Weka kitambaa chenye siki kwa dakika chache, suuza, rudia. Asidi kali za kusafishia vyoo au za betri zitaondoa saruji pamoja na rangi yako.

Utomvu wa miti, ukiwemo wa mwembe ambao madereva hupenda kivuli chake, hulainika kwa spiriti. Gusa kwa kitambaa, subiri kidogo, futa, kisha suuza.

Vidoa vya rangi ya kahawia vinavyofanana na kutu mara nyingi ni chembe za chuma zilizotoka kwenye reli, breki au kazi za kukata na kuchomelea vyuma. Vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya bati lililooshwa: utahisi vipele. Hapa hutumika donge maalumu la kusafishia rangi, linalofanana na udongo wa kufinyangia, ambalo huuzwa katika maduka ya vifaa vya magari. Lowesha bati kwa maji ya sabuni, lipitishe donge bila kukandamiza, na likunjekunje mara kwa mara ili upate upande safi. Likianguka chini litupe, kwani mchanga ulioshika utachora mistari.

Mafuta ya breki huwasumbua zaidi wanaosafirisha magari kwa malori ya ghorofa mbili, ambapo gari la juu huweza kudondoshea la chini. Mengi ya mafuta hayo huvimbisha na kulegeza rangi kwa muda mfupi. Usifute. Mwagia maji mengi papo hapo, kisha osha kwa sabuni.

Doa lisilotoka

Ukishaondoa uchafu na alama ikabaki, hilo si doa tena bali ni kovu kwenye klia. Pitisha ukucha juu yake. Kama ukucha haukwami, kompaundi laini na polishi vinaweza kulififisha au kuliondoa. Kama unakwama, kovu limeingia ndani, na kuendelea kusugua ni kumaliza klia. Hapo ni kazi ya fundi rangi, au kukubali punguzo dogo la bei. Mara nyingi punguzo hilo ni nafuu kuliko kupaka rangi upya na kujibu maswali ya mnunuzi.

Nani alipe?

Ugomvi mwingi kati ya mwenye gari na msafirishaji hutokana na kutojua doa liliingia wapi. Unapopokea gari, liondolee vumbi kwanza, lipige picha pande zote kukiwa na mwanga wa mchana, na uandike kila alama kwenye hati ya makabidhiano kabla halijatoka getini. Dereva na mkabidhi watie saini. Fanya hivyo tena mwisho wa safari. Msafirishaji asiyeandika chochote anakuwa amekubali kuwa gari lilikuwa safi.

Kwa dereva wa safari ndefu, chupa ya maji, vitambaa viwili safi na shampuu kidogo vinatosha. Kinyesi cha ndege kikiondolewa siku hiyo hiyo, kazi ni ya dakika chache. Kikiachwa kwenye foleni ya mpakani kwa siku kadhaa juani, bei yake italipwa siku ya kuuza.