Gurudumu Moja la Maji, Rekodi Mbili

Apendaye rekodi za muziki, akapata na rafiki wa kumsikilizisha, aghalabu hukosea jambo moja: humkabidhi mwenziwe rekodi aipendayo pamoja na sifa nyingi, kisha humwacha nayo kama mgeni aliyefikishwa mlangoni asikaribishwe ndani. Sikio halifundishwi kwa sifa; hufundishwa kwa kuoneshwa mahali pa kusikiliza, na njia nyepesi ya kulionesha ni kumwekea mtu rekodi mbili za mtungo mmoja, moja baada ya nyingine, mpaka tofauti zake zidhihiri zenyewe. Njia hiyo nataka kuieleza hapa kwa muziki wa sebule, na kwa rekodi zinazotuhusu hasa sisi tukaao Juba, ukingoni mwa Bahr el Jebel, yaani Nili.

Muziki wa sebule, ambao watu wa Ulaya waliupa jina la namna hiyo kwa kuwa ulipigwa vyumbani mwa majumba wala si katika kumbi kubwa, ni muziki wa wapigaji wachache, kila mmoja akiwa na sauti yake peke yake asiyoshirikiana na mwingine, na bila ya kiongozi wa kusimama mbele na kijiti. Kundi lake linaloheshimiwa kupita yote ni kwarteti ya nyuzi, yaani fidla mbili, viola, ambayo ni fidla iliyozidi kidogo kwa ukubwa na kwa uzito wa sauti, na chelo, ambayo mpigaji huiweka baina ya magoti akiwa ameketi. Joseph Haydn wa Austria, aliyeishi tangu 1732 hata 1809, ndiye aliyeikuza kwarteti akaipa heshima, akaacha kwarteti 68. Beethoven baada yake akatunga 16. Msomaji wa pwani hatauona mpango huu kuwa mgeni, maana takhti ya Kairo, yenye udi, kanuni, nai, fidla na riki, ambayo ndiyo asili mojawapo ya taarabu ya Unguja, nayo ni wapigaji wachache wanaosikilizana kwa karibu.

Katika mwaka 1992 kundi la Kronos Quartet la San Francisco, lililoanzishwa na mpiga fidla David Harrington mwaka 1973, lilitoa rekodi iitwayo Pieces of Africa, yenye mitungo ya watunzi saba wa bara hili. Wawili katika hao ni jirani zetu kwa njia ya maji. Justinian Tamusuza ni wa Uganda, ambako Nili hutoka katika Ziwa Viktoria. Hamza El Din ni wa Nubi, ambako mto huo hupita jangwani ukielekea Misri. Na Juba imekaa kati yao. Maji yapitayo chini ya daraja letu yametoka kwa wa kwanza, na sehemu yake isiyopotea kwa mvuke katika mabwawa ya Sudd huenda kwa wa pili.

Mtungo wa Tamusuza huitwa Ekitundu Ekisooka, maana yake kwa Kiganda ni sehemu ya kwanza. Ili uuelewe, ikumbuke amadinda, marimba ya Waganda yenye mbao 12 yapigwayo na watu watatu: wa kwanza hupiga lahani yake kwa mwendo ulio sawa, wa pili hutia yake katika nafasi zilizoachwa na wa kwanza, na wa tatu hurudia juu kabisa zile sauti mbili zilizo za chini, hata msikilizaji akasikia lahani ya nne ambayo hakuna aliyeipiga, kwa kuwa imezaliwa na kuingiliana kwao. Tamusuza ameuchukua ustadi huo akaukabidhi kwa nyuzi. Basi usikilizapo usiiandame fidla ya kwanza peke yake, kama tulivyozoea kumwandama mwimbaji. Sikiliza nafasi, na nani aijazaye.

Hamza El Din alizaliwa mwaka 1929 Toshka, kijiji cha Wanubi wa Misri. Alisomea uhandisi kwanza, kisha akajifunza udi Kairo, na baadaye muziki wa Ulaya huko Roma. Kwa ajili ya Bwawa Kuu la Aswan, Wanubi wa Misri walihamishwa katika miaka ya 1963 na 1964, na Toshka ya zamani ikafunikwa na maji. Mtungo wake Escalay unaitwa kwa jina la gurudumu la kutekea maji, livutwalo na ng'ombe, likizunguka kwa mlio wake mrefu mashambani.

Mtungo huo una rekodi mbili za kuwekwa pamoja. Katika ile ya 1971, iliyotolewa na kampuni ya Nonesuch, Hamza yu peke yake na udi na sauti yake kwa takriban dakika 20. Uzi wa udi ukiguswa na risha hulia papo hapo ukaanza kufa, na mpigaji hana budi kuugusa tena kabla ya ukimya kumfikia. Kwa hiyo gurudumu lile lazungushwa na mkono wa mtu mmoja, na uchovu na subira ya mkono huo vyasikika. Katika ile ya 1992, iliyopangwa kwa ajili ya kwarteti na Tohru Ueda, nyuzi zaweza kukokotwa kwa uta, na sauti ikokotwayo hudumu kadiri mpigaji apendavyo. Kazi ya mkono mmoja imegawanywa kwa watu wanne, na Hamza mwenyewe ameketi nao akipiga tari. Yule aliyekuwa peke yake na kumbukumbu ya kijiji chake sasa ana wenzake wa kuishika.

Msomaji asidhani kuwa ni mara ya kwanza kwarteti kunywa maji ya Afrika. Mwaka 1913 Béla Bartók wa Hungaria alikwenda Biskra, Aljeria, kurekodi nyimbo za Waarabu wa huko, na midundo aliyoisikia ikaingia katika sehemu ya pili ya kwarteti yake ya pili, aliyoimaliza mwaka 1917.

Pana neno moja la matumizi kwa wakazi wa Juba. Uzi wa chini wa chelo hutetema takriban mara 65 kwa sekunde, ilhali jenereta ndogo ya petroli huzunguka mara 3000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde, hata mvumo wake ukakaribiana na uzi huo ukaufunika; na kipaza sauti cha simu hakiwezi kuutoa sawasawa. Basi chagua saa ambayo jenereta imezimwa, utumie betri ya jua na visikizi vya masikioni, la sivyo utaisikiliza kwarteti ya watu watatu.

Kwa hukumu yangu, rekodi ya 1971 ndiyo iliyo kamili zaidi. Lakini nisingaliujua ukamilifu wake kama nisingaliisikiliza ile ya 1992 na kurudi tena kwenye ya kwanza. Hivyo ndivyo ninavyomnasihi msomaji awafanyie rafiki zake. Na nasaha hii isiishie katika rekodi za mbali. Nchi hii ina rababa, ala ya nyuzi, na Azande wana kundi, kinubi chao cha nyuzi tano, na wazee wazipigao ala hizo hawatakuwa nasi milele. Toshka imezama, na gurudumu lake bado lasikika kwa kuwa mtu mmoja alikaa mbele ya kinasa sauti. Kama unaye mzee apigaye, mwombe idhini umrekodi, kisha baada ya mwaka umrekodi tena wimbo ule ule. Simu iliyo mfukoni mwako yatosha kwa kazi hiyo.