Sarafu ya Tabora na Kovu Lake

Masika yalipokwisha, mzee mmoja jirani yangu hapa Kidahwe, ambaye shamba lake la michikichi limeteremkia upande wa mto Luiche, alinijia jioni na kitu alichokifunga katika pembe ya leso, akakifungua taratibu juu ya mkeka, nikaona sarafu ya shaba ya njano iliyoingia weusi, yenye taji upande mmoja na tarakimu 20 upande wa pili, na pamoja na mwaka wa 1916 herufi moja peke yake, T. "Mwanangu," akaniambia, "jembe limeitoa ardhini, na kijana mmoja wa mjini Kigoma amesema kwamba imeharibika tangu kiwandani, kwa hiyo ina thamani kuu. Hebu nipe ukweli wake." Nikamwomba aniachie hadi asubuhi, kwa kuwa mwanga wa taa huficha nusu ya mambo ambayo jua la kuchwea na kuchomoza, likipita kimshazari juu ya shaba, huyadhihirisha yote.

Herufi ile T ni ya Tabora. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, mwaka ule ule ambao reli ya kati ilifika Kigoma, manowari za Kiingereza zilifunga pwani, fedha zilizokuwa zikiletwa kutoka Ujerumani zikakatika, na serikali ya Kijerumani ikalazimika kujipigia sarafu zake yenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Hivyo mwaka 1916 zikatoka heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu, na juu ya hizo dhahabu ya rupia 15, sawa na marki 20 za Kijerumani, yenye sura ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Na dhahabu hizo zilikuwa 16,198 tu, zilizopigwa kwa madini ya Sekenke. Umri wa kiwanda kile ulikuwa mfupi mno: Wabelgiji waliingia Kigoma mwezi wa Julai mwaka huo huo, na tarehe 19 Septemba wakaishika Tabora.

Nayaeleza haya kwa sababu asiyejua sarafu ilizaliwa katika hali gani hawezi kuihukumu. Sarafu ya Tabora haikutoka katika mtambo wa Berlin wenye kupiga maelfu yaliyo sawasawa. Ilitoka katika mikono ya watu waliokuwa na haraka, na zana zilizokusudiwa kutengeneza mabehewa. Heller 20 hutofautiana zenyewe kwa zenyewe: nyingine zina taji kubwa na nyingine taji dogo, na katika neno HELLER herufi L huishia kwa ncha kali katika baadhi yake na kwa ncha iliyojikunja katika nyingine. Wako wanaoziita tofauti hizo makosa, na mimi naona wamepotoka, kwa maana hapo hapana kosa lolote. Mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja, na kila muhuri una mkono wa mchongaji wake.

Kosa la kweli ni jambo jingine, na kulifahamu kwataka mtu aione kazi kwa macho ya moyo. Bamba la shaba hutobolewa visahani vitupu. Kila kisahani hubanwa ukingo wake ili uinuke, kisha huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma cha pua, mmoja chini na mmoja juu, nayo nguvu ya mtambo huifanya shaba itiririke kama nta na kujaza kila bonde lililochongwa. Baada ya pigo hilo sarafu imekwisha kuzaliwa. Basi suala lote la mtafiti ni kujua kama ila anayoiona ilitokea kabla shaba haijatiririka, au wakati ikitiririka, au baada ya kutulia.

Chukua mstari unaopita juu ya taji. Muhuri ukipata ufa, shaba huingia ndani ya ufa, na juu ya sarafu hutokea mstari ulioinuka, mithili ya mshipa juu ya mkono wa mzee. Mkwaruzo wa msumari hufanya kinyume chake: huacha mfereji, na kandokando ya mfereji shaba iliyosukumwa hulala kama udongo pembeni mwa tuta. Mwenye macho mabovu na apitishe ukucha, atapata jawabu.

Pengo la ukingoni lina siri ya ajabu zaidi. Kisahani kikitobolewa mahali ambapo bamba lilikwisha kutobolewa, sarafu hutoka imemegwa kwa mkato wa mviringo. Lakini kwa kuwa wakati wa kubanwa ukingo palipo na pengo hapakuwa na kitu cha kukinza nguvu, ukingo ulio mkabala wake, ng'ambo ya pili ya sarafu, nao hutoka dhaifu, na pengine hautokei kabisa. Na herufi zilizo jirani na pengo hufifia kidogo kidogo, hazikatiki ghafla. Mdanganyifu mwenye tupa hulikata pengo lake vizuri, lakini ukingo wa ng'ambo humfedhehesha, maana umesimama imara.

Kuna na ila ya picha iliyogeuka, ambayo hutokea sarafu moja iking'ang'ania muhuri na kumpiga mwenzake anayefuata, huyu akatoka na sura ile ile imezama na kugeuka kama katika kioo. Wengi huiiga kwa jiliwa. Nilikwenda kwa fundi wetu wa baiskeli nikambanisha senti 5 mbili kuukuu za mwaka 1966, zile za pembe kumi na mbili zenye samaki, kichwa cha Mwalimu Nyerere kikielekeana na kichwa chake. Tulipozitoa, kweli herufi zilizogeuka zilikuwa zimezama. Lakini chini yake kichwa cha asili kilikuwa kingali kikionekana, kimepondeka, na samaki wa upande wa pili amelala bapa, mgongoni amechapwa alama za meno ya jiliwa. Sarafu iliyokosewa kiwandani haina sura nyingine chini ya sura, kwa sababu kisahani kiliingia kitupu, na upande wake wa pili huwa mkali kama uliopigwa kwa muhuri wake.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Iliyolishwa tindikali hukonda na kupungua mizani, na iliyokuwa kidani huacha tone la lehemu pembeni. Ila moja naomba msomaji asiitie mwenyewe: kuisugua sarafu ya kale kwa ndimu na majivu. Weusi ule ndio shahidi wa umri, na akiisha kuondolewa, hapana anayeweza kusema ni jeraha lipi la jana na lipi la zamani.

Shahidi huyo ndiye aliyekata shauri la jirani yangu. Asubuhi niliigeuza sarafu yake juani nikaona mambo mawili. Mstari mwembamba ulipita katikati ya taji, umeinuka, mweusi kama taji lenyewe. Na ukingoni palikuwa na pengo lililong'aa manjano mbichi, na ukingo wa mkabala wake ulikuwa mzima.

"Pengo hili, mzee wangu," nikamwambia, "ni la jembe lako."

Akalitazama muda, akalipapasa kwa kidole gumba. "Na huu mstari?"

"Huo ni wa Tabora. Muhuri ulikuwa umepasuka, nao wakaendelea kupiga."

Hakuniuliza bei. Aliirudisha katika leso, akafunga fundo mara mbili, akaniambia kwamba babu yake alibeba mataruma ya reli ile.